Pamba Yenye Mbegu

Niliondoka Ansab, pembezoni mwa Maskati, asubuhi moja bila kumuaga mtu, kwa sababu hakukuwa na wa kumuaga. Familia niliyokuwa nikiitunzia bustani ilikuwa imehamia Salala. Walifunga nyumba, wakaniachia chumba cha uani kwa wiki mbili na karatasi ya kuniruhusu kutafuta kazi nyingine. Wiki ya kwanza nililala tu. Wiki ya pili ilipofika katikati niliamka jua halijawa kali, nikatia nguo kwenye begi, nikafagia chumba, nikatoka. Sikuwa na mpango wowote. Nimeishi hivyo tangu nilipoacha shule darasa la tano. Nikichoka kukaa naondoka, na nikishafika ndipo najua nilikuwa nakwenda wapi.

Kituoni lilikuja basi la Ruwi, nikapanda hilo kwa kuwa ndilo lililokuja. Nilishuka Hamriya kutafuta chai. Nilipokuwa nakatisha kichochoro nyuma ya maduka ya vitambaa, niliona nyuzi nyeupe zimenasa kwenye uzio wa waya. Nikasimama. Mbele kidogo kulikuwa na nyingine kwenye ukingo wa dirisha, na nyingine kwenye magurudumu ya baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo.

Kwetu Shinyanga, msimu wa mavuno, majani ya kandokando ya barabara huwa meupe hivyo. Malori yanapita yamejaa marobota ya pamba, upepo unachomoa, na sisi watoto tulikuwa tukiyafuata tukiokota. Basi nilifuata nyuzi zile kama nilivyofuata malori. Chai nikaisahau.

Ziliishia kwenye mlango wa duka la magodoro. Ndani kulikuwa na mashine moja ya kuchambulia pamba, imezimwa. Sakafuni aliketi mzee wa Kihindi mwenye ndevu fupi, ameshika upinde mrefu wa mbao wenye kamba moja. Aliigonga kamba kwa kirungu, kamba ikalia, na pamba iliyogusana nayo ikaruka juu na kutua ikiwa laini kama povu. Sikuwa nimewahi kuona pamba ikipigwa kwa mlio. Nilibaki mlangoni nimekodoa macho mpaka akaniona. Nikamwonyesha lile rundo, nikainua mikono kuuliza: mnaiitaje?

"Rui," akasema.

Kutoka nyuma, kwenye cherehani, sauti nyingine ikapaza: "Kapas!"

Ndivyo nilivyolipata neno hilo. Siku ile sikuelewa hata nusu ya ugomvi uliofuata, lakini nilikuja kuusikia tena mara nyingi mno, kwa sababu nilipata kazi palepale, na wao wawili waliurudia kila walipochoka kunyamaza. Mzee tulimwita Chacha, yaani baba mdogo. Watu wa ukoo wake wamepiga pamba tangu enzi za babu zao. Wa cherehani alikuwa Mnepali wa umri wa kaka yangu mkubwa, naye tulimwita Dai, ambalo kwao ni kaka. Tulizungumza kwa Kihindi cha dukani kilichochanganywa na Kiarabu na vidole.

"Kapas ni ile ya shambani," Chacha angesema. "Ina mbegu tumboni. Ukishazitoa mbegu, hiyo ni rui. Mtoto wa kwetu asiyeota meno anajua."

"Kwetu ni kapas," Dai angejibu bila kuinua kichwa. "Ya utambi wa taa, kapas. Ya kidonda, kapas. Ya godoro, kapas."

"Nyinyi wa milimani pamba mmeionea wapi? Kwenu kuna mawe na mbuzi."

"Na wewe shambani ulikwenda lini, Chacha? Wewe umezaliwa ndani ya godoro."

Kisha wananigeukia mimi. Nikawaambia kwetu ni pamba ikiwa shambani, ni pamba ikiwa godoroni, na ni pamba ikiwa sikioni. Dai akapiga meza. "Wawili kwa mmoja!"

Chacha akanitazama kwa huruma. "Basi mmekosea wawili," akasema, akaendelea kupiga kamba yake.

Lakini mimi, tofauti na wao, pamba nilikuwa nimeichuma. Baba alinitoa shule msimu mmoja nimsaidie kuchuma, nisirudi tena, na sikumlaumu, shule ilikuwa mbali. Alinifunga viroba viwili kiunoni. Cha kulia ni cha pamba safi, nyeupe, iliyofunguka vizuri. Cha kushoto ni cha fifi, ndiyo ile iliyopauka, yenye madoa, iliyoliwa na wadudu. Ukichanganya unachapwa, kwa sababu konzi moja ya fifi inaharibu gunia zima la safi. Mpaka leo vidole vyangu vinajua. Nikishika pamba gizani nakwambia ni ipi. Nilijivunia jambo hilo pale dukani kupita kiasi, kwa kuwa sikuwa na jingine la kujivunia. Nilimwambia Chacha mara nyingi mno kwamba mimi ni mtu wa pamba. Yeye kapas halisi, yenye mbegu, alikiri hajaigusa tangu alipooa. Ya dukani ilikuja kwenye magunia ikiwa imeshasafishwa.

Nilikaa pale miezi mitatu, nikilala ghorofani kati ya magunia. Kwangu mimi miezi mitatu ni mingi.

Siku moja kabla ya adhuhuri aliingia mama mmoja wa Kiomani, mwenye haraka, amebeba mto kifuani. Nje kwenye pikapu yake kulikuwa na godoro la zamani la pamba limekunjwa na kufungwa kamba. Alianza kwa Kiarabu, akamaliza kwa Kiswahili aliponisikia nikinung'unika kuhusu uzito wa godoro.

"Kumbe Mswahili! Wa wapi wewe?"

"Shinyanga, mama."

"Wallahi? Mamangu kazaliwa huko. Ndo mwenye godoro." Alifuta jasho. "Mgonjwa, hainuki sasa. Hospitali wametwambia tukae naye nyumbani. Godoro la sponji halitaki, la umeme walilotuletea halitaki, ataka lake, na lake limekuwa mawe. Nimemtoa kwa hila, nimemlaza kwangu leo. Fungueni vyote, mpige viwe laini. Kesho asubuhi nakuja."

"Na mto pia?"

"Na mto, ndio, vyote. Khalas." Akaondoka.

Godoro lilikuwa la kawaida. Mto ndio ulikuwa wa ajabu. Ulikuwa mdogo, wa nguo mbili, moja ndani ya nyingine. Ile ya ndani ilishonwa kwa mkono, mishono midogo iliyobanana kama ya mtu anayeshona jeraha, na pembeni imezungushiwa uzi mwekundu. Ukiubonyeza ulikuwa na vitu vigumu vigumu ndani. Dai aliupitisha mikononi akaurudisha. Chacha aliuweka sikioni akautikisa.

"Huu haukushonwa ili ufunguliwe," akasema.

"Mwenyewe amesema vyote," nikamjibu, na nikachukua mkasi. Nilitaka kujua kilichomo. Tangu utotoni kitu kilichofungwa kinaniwasha.

Ilitoka pamba ambayo sikuwahi kutegemea kuiona Maskati. Ilikuwa ya kuchumwa kwa mkono, haijapita mashine yoyote, kila kitumba na mbegu zake zimekumbatiwa ndani. Ilikuwa imekuwa ya manjano kwa uzee. Dai aliacha cherehani akaja. Chacha alichukua kitumba kimoja, akakipasua kwa kucha, akaibana mbegu kati ya vidole viwili na kuiinua mbele ya uso wa Dai kama anayemwonyesha mwezi umeandama.

"Hii! Hii ndiyo kapas! Umeona sasa?"

"Nimeona," Dai akasema. "Kwetu pia ni kapas."

Chacha alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akakirudisha kile kitumba kwenye rundo taratibu. "Usiitie kwenye mashine," akaniambia. "Kwanza muulize mwenyewe. Hakuna mtu anayelalia mbegu bila sababu."

Adhana ikaadhiniwa, akaenda msikitini.

Ningeweza kumpigia yule mama. Namba yake ilikuwa ukutani, kwenye kikaratasi cha oda. Lakini nilipoitazama pamba ile, sikuona mto wa mtu. Niliona fifi. Niliona kiroba cha kushoto. Nilijua ninavyojua jina langu kwamba pamba iliyopauka na yenye mbegu ni aibu kwa mwenye nayo, na kwamba mgonjwa alikuwa ameumizwa kichwa na mbegu hizo miaka yote kwa kukosa mtu wa kumsafishia. Nilitaka afurahi. Nilitaka pia Chacha akirudi aone kazi ya mtu wa pamba. Niliwasha mashine, nikailisha konzi kwa konzi. Mbegu zilidondoka kwenye sinia la bati chini zikilia kama mvua ya mawe. Iliyotoka upande wa pili ilikuwa kidogo mno kujaza hata mto wa mtoto. Basi nikaichanganya na ya godoro, nikaipiga yote pamoja mara ya pili, na kutoka humo nikajaza mto mpya na godoro.

Chacha aliporudi alitazama sinia, akanitazama mimi.

Kesho yake yule mama alikuja, akabonyeza godoro, akanibariki mara tatu. Nikamwomba niende naye nikamsaidie kupandisha, na ukweli ni kwamba nilitaka kumwona huyo bibi wa Shinyanga. Nyumba yao ilikuwa Bustan, kijijini, nyuma kabisa chini ya mlima. Tulilitandika godoro, na wanawake wakamhamishia bibi juu yake kwa shuka. Alikuwa mdogo sana, mweusi kuliko mwanawe, macho mazima kabisa. Binti akamwambia, "Mama, huyu katoka kwenu."

Bibi alinigeuzia macho. "Mwangaluka," akasema.

Ni salamu yetu ya asubuhi. Sikuwa nimeisikia kwa miaka minne. "Mwangaluka, mayu," nikamjibu, mayu ni mama, na nikajikuta nimepiga goti kama nilivyofundishwa.

"Unaona?" akamwambia binti. "Huyu anajua adabu. Nyie nimewalea kwa Kiarabu na Kiswahili, Kisukuma nimebaki nacho peke yangu, nnaongea na ukuta." Akanieleza kwamba baba yake alikuwa Mmanga mwenye duka, na mama yake Msukuma aliyekuwa na shamba lake mwenyewe la pamba na hakutaka kuliacha hata alipoolewa. Aliongea polepole, akipumzika katikati. Kisha akapeleka mkono nyuma ya kichwa. Vidole vyake vilibonyeza mto. Vikabonyeza tena, upande wa pili.

"Mto wangu uko wapi?"

"Ndo huo, Mama. Kautengeneza huyu, umekuwa laini."

"Huu hauna mbegu." Alinigeukia mimi, si binti yake. "Buluba yangu iko wapi?"

Buluba ndiyo pamba kwa Kisukuma. Nilijaribu kumweleza, nikaanza na usafi, nikasema ilikuwa imepauka, mayu, ilikuwa fifi, na nikiwa katikati ya neno hilo nikaona uso wake, nikanyamaza.

Alituambia sote wawili, na binti alikuwa akilisikia jambo hilo mara ya kwanza kama mimi. Msimu wa mwisho kabla hawajaondoka Shinyanga, mama yake alichuma mwenyewe gunia dogo, akasema hii haiuzwi. Wakaja nayo. Mama alipofariki hapahapa Maskati, waliomwosha walimwekea pamba hiyo, iliyochambuliwa kwa vidole vya bibi mwenyewe. Nusu ikabaki. Bibi aliishonea kwenye mto ili iwe yake siku yake ikifika, akaiacha na mbegu makusudi, kwa kuwa pamba yenye mbegu hakuna mtu atakayeichukua kupangusia kitu. Sanda yake ilikuwa sandukuni, na kafuri, na udi. Pamba ilikuwa chini ya kichwa chake.

"Mama, mbona hukunambia?" Binti alikuwa amekaa sakafuni.

"Ntakwambia vipi? Kila nikitaja mauti waniziba mdomo. Yarabi ntoe, Mama, usiseme hayo, Mama." Alimwiga vizuri mpaka ningecheka siku nyingine. "Nikasema ntamwambia nikiona siku zimekaribia. Sasa zimekaribia, nnakwambia."

Kisha akanigeukia tena. "Iko wapi?"

"Umeilalia, mayu. Imo humo godoroni. Nimeichanganya."

"Basi nitolee."

Alisema hivyo tu, bila hasira, kama mtu anayeomba maji. Alifikiri inawezekana. Nikasema ndiyo, mayu, kwa sababu sikuweza kusema neno jingine. Wakamwinua kidogo, nikafungua pembe moja ya godoro, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilitoa konzi, nikapeleka dirishani. Ilikuwa nyeupe yote. Nikatoa nyingine. Vidole vyangu vinavyojua havikujua kitu. Pamba ikishapigwa pamoja haina tena ya nani na ya nani. Nilitoa konzi nyingi nikizipanga sakafuni, na bibi akinifuata kwa macho kila nikienda dirishani, mpaka binti akanishika bega akasema kwa sauti ndogo, "Basi. Inatosha. Mwache alale."

Nilirudi Hamriya kwa miguu mpaka njia kuu, kisha kwa gari la mtu. Nilipoingia dukani Dai aliuona uso wangu akazima cherehani. Nikawaeleza.

"Nenda duka la dawa," Dai akasema. "Nunua kapas safi, umpelekee, mwambie ni ile. Atajuaje? Mtu yuko mlangoni kuondoka."

"Atajua," nikasema. "Ameugusa mto mara mbili tu akajua."

"Basi atajua. Lakini atakuwa na kitu mkononi."

Sikuona kama ni wazo baya, na mpaka leo sijui kama lilikuwa baya. Chacha hakuwa akitusikiliza. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, amevuta lile sinia la bati. Uchafu wa siku mbili ulikuwemo, vumbi na vipande vya nguo, na ndani yake mbegu. Alichukua moja, akaipuliza, akanionyesha. Mbegu ya pamba ikitoka mashineni haitoki uchi, inabaki na nyuzi zilizoishikilia, fupi, za manjano.

"Hii ni yake," akasema. "Hii haikuchanganyika na ya mtu."

Tuliketi sakafuni sisi watatu tangu baada ya alasiri mpaka mwanga ukaisha. Mmoja anachekecha, mwingine anapuliza, mwingine anavuta nyuzi kwa kucha. Unaivuta mbegu moja unapata kitu kisichoonekana, kama utando. Wateja wawili walikuja, Chacha akawafukuza kwa mkono. Vidole vya Dai vya kushonea ndivyo vilikuwa vyepesi kutushinda, na baada ya muda alianza kusokota nyuzi zile pajani kama wanavyosokota tambi za taa kwao, akajistukia, akazikunjua. Hakuna aliyegombana kuhusu majina. Mwishowe tulipata kidonge cha pamba cha ukubwa wa limau, chepesi hivi kwamba nilipumua mbali nacho. Chacha alikifunga kwenye kitambaa cheupe kipya. Mbegu akazitia kwenye karatasi ya chai.

"Asubuhi na mapema," akaniambia. "Mkononi mwake. Usimpe mtu mwingine."

Asubuhi nilichukua begi langu pia. Hakuna aliyeniuliza kwa nini, hata mimi sikujiuliza.

Nilipokaribia nyumba ile ya Bustan niliona magari yamepaki mpaka kwenye kona, na viatu vya wanaume vimejaa kwenye ngazi ya baraza. Nikaelewa kabla sijafika. Wanaume waliovaa kanzu nyeupe walikuwa wamekaa kimya, mmoja akaniitikia salamu na kunisogezea nafasi, akidhani mimi ni mfanyakazi wa jirani. Upande wa nyuma, kwenye mlango wa wanawake, pazia lilikuwa limeshushwa. Huko sikuweza kuingia. Huko ndiko alikokuwa.

Nilizunguka nikasimama karibu na matangi ya maji. Alitoka msichana wa kazi, Mganda, amebeba beseni tupu.

"Dada," nikamwita. "Tafadhali. Mpelekee mama mwenye nyumba hii, binti wa bibi. Mwambie ni pamba ya mto. Ataelewa."

Alikitazama kitambaa bila kukigusa. "Ni dawa? Mimi sitaki mambo ya dawa hapa."

"Si dawa. Ni pamba ya bibi. Ya kuoshea. Haraka, dada, nakuomba."

"Wewe ni nani yake?"

Nilifungua mdomo. "Mimi ndiye niliyetengeneza godoro," nikasema.

Alichukua. Nilisubiri nikihesabu vigae vya ukuta, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Aliporudi kitambaa kilikuwa bado mkononi mwake.

"Nimempea," akasema. "Amelia tu. Wale wamama wa kuosha wamesema walimaliza kitambo, wameshafunga, hawafungui tena."

"Na yeye amesema nini?"

"Nilimuuliza, nirudishe? Akafanya hivi na kichwa." Aliinamisha kichwa mara mbili. "Ama alikuwa analia tu, sijui. Pole, kaka." Akanirudishia, akaingia ndani.

Nilifuata jeneza. Makaburi yalikuwa jirani, ardhi ya changarawe na milima imeyazunguka pande zote, jua limeshakuwa kali. Mimi nilibatizwa, sikujua pa kusimama, nikakaa nyuma ya kila mtu. Walipomaliza kumteremsha, wanaume walianza kupita mmoja mmoja, kila mmoja akimwaga konzi tatu za udongo. Nilijua nafasi yangu ni ile. Kidonge kilikuwa kwenye kiganja changu, kingeingia pamoja na udongo bila uzito wowote. Nilisogea mpaka nikabakiza watu watatu mbele yangu.

Kisha nikajiona kama wangeniona wao. Mtu wa bara asiyejulikana, anatupa kitu kilichofungwa ndani ya kaburi la mama yao. Wangesema ni sihiri. Wangelifukua wakitafute. Bibi angefunuliwa mbele ya watu kwa ajili yangu kwa mara ya pili, baada ya mto wake. Nikakirudisha mfukoni, nikamwaga udongo kama wengine, nikapisha.

Watu walipoanza kutawanyika, mzee mmoja mwenye pikapu aliniuliza kwa Kiarabu nakwenda upande gani. Nikamuuliza yeye anakwenda wapi. Akasema Kuriyati. Nikasema na mimi. Njia nzima ilipanda na kushuka kati ya milima isiyo na jani, naye hakuniuliza kitu, labda alidhani nimefiwa. Nilikaa nimeshika mfuko wangu kwa mkono.

Karibu na sokoni alinishusha. Nilizunguka mpaka nikaona tangazo la vyumba vya kupanga kwenye mlango wa chuma, nikagonga. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kiomani aliyewahi kukaa Dar es Salaam, Kiswahili chake kimeingiwa na kutu. Alinionyesha chumba chenye dirisha moja, kitanda cha chuma na godoro la sponji.

"Utakaa siku ngapi?"

"Sijui, mzee."

"Mto hamna. Ntakuletea."

Alipotoka nilifungua simu. Kulikuwa na ujumbe wa sauti wa Chacha, na nyuma ya sauti yake cherehani ya Dai ikiunguruma. "Kapas umefikisha?" Hakusema zaidi. Niliusikiliza mara mbili. Nilitaka kumjibu nimefikisha, ili watu wale wawili wale chakula chao cha mchana kwa raha. Nikabonyeza kitufe, nikasema, "Sikufikisha, Chacha," na nikaachia kabla sijaanza kueleza.

Kidonge nilikiweka dirishani juu ya kile kitambaa chake, na karatasi ya mbegu pembeni. Upepo mdogo uliingia, nikakiondoa haraka nikakirudisha kwenye begi.

Mwenye nyumba alirudi na mto kwapani, wa foronya ya maua, umebonyea katikati kwa vichwa vya watu wengine. Nilimshukuru. Lakini sikuulalia. Niliushika kwa mikono yote miwili, nikaubonyeza upande huu, nikaubonyeza upande ule, nikautikisa karibu na sikio.

"Mzee," nikamwambia, "samahani. Mna kitu humu ndani?"

Alinitazama vile watu wanavyowatazama wapangaji wa siku ya kwanza. "Ndani ya mto?" akasema. "Mna mto, bwana. Lala."